Maswali ya wasomaji: i7 ya zamani au i5 mpya, na mengine ya kuchagua mashine

Wasomaji wangu habari zenu. Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, nichukue ipi niache ipi. Nyingine nimezijibu kwa kirefu, mtanivumilia, na zile za jibu fupi nimezichomeka humo humo katikati. Ila mtaniona narudia rudia jambo moja: ukisimama mbele ya mashine mbili usianze kuuliza ipi ina namba kubwa, uliza kwanza ipi ina kasoro ambayo hutaweza kuja kuirekebisha. Diski inabadilishwa, betri inabadilishwa, lakini prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyochomelewa kwenye ubao ndo umeoa hiyo.

Kaka salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma takwimu. Nimewekewa laptopu mbili zilizotumika nichague moja na bei zake zimekaribiana sana. Ya kwanza ni Core i7-7500U, ya pili ni Core i5-8250U, zote RAM 8GB na SSD 256GB. Muuzaji anasema i7 ni kubwa kuliko i5, tena hata GHz zake ni 2.7 na mwenzake ana 1.6 tu. Wenzangu nao wanasema i7. Naomba unisaidie maana hela yenyewe nimejichanga mwaka mzima.

Mdogo wangu, chukua i5, na ngoja nikueleze kwa nini ili hata wenzako wakikubishia uwe na la kuwajibu.

Hiyo i7 au i5 ni daraja tu la prosesa za Intel ndani ya familia ya mwaka husika. Namba inayofuata baada ya kistari ndo inayokwambia kizazi. 7500U ni kizazi cha 7, kilitoka 2016. 8250U ni kizazi cha 8, kilitoka 2017. Utasema mwaka mmoja tu, si kitu, lakini mwaka ule ndo Intel waliongeza kori kwenye prosesa za laptopu nyembamba, yaani ile i7 yako ina kori 2, na hii i5 ina kori 4. Kori ni kama wapishi jikoni, wawili hata wawe na mikono myepesi kiasi gani, siku ya wageni wengi wanne watawashinda. Wewe unasoma takwimu, utafungua jedwali lenye mistari laki mbili huku brauza ina tabo 15 na wimbo unapiga nyuma, hapo ndo utaona tofauti.

Hizo GHz anazokusomea muuzaji ni spidi ya chini, ya kuanzia. Zote mbili zikipata kazi zinapanda zenyewe, i7 hiyo inafika 3.5 na i5 inafika 3.4, kwa hiyo kileleni wanakaribia kulingana halafu mmoja ana kori mara mbili. Simlaumu muuzaji, huenda naye alielezwa hivyo hivyo, lakini hela ni yako.

Na kuna la pili zito zaidi kuliko hilo. Windows 10 ilifikia mwisho wa sapoti yake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukitoa prosesa chache mno za kizazi cha 7 ambazo hiyo yako haimo. Ina maana ukichukua i7 unanunua mashine ambayo mlango wa mbele umeshafungwa, utabaki kutafuta njia za kuzunguka au kuhamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na Linux ni nzuri mimi mwenyewe naitumia, ila kama chuo chenu kinataka programu fulani ya Windows kwenye mtihani utahangaika bure.

Kabla hujatoa hela fungua Task Manager, nenda Performance kisha Memory, angalia pale chini palipoandikwa Slots used. Ikisema 1 of 2 furahi, baadae utaongeza kipande kingine cha RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ufike 16GB kwa gharama ndogo. Ila kuna mashine RAM yake imechomelewa na hapo panaweza kuonyesha namba isiyoeleweka, kwa hiyo andika modeli kamili ya laptopu mtandaoni ujihakikishie. Halafu angalia kioo. Kama i5 ina kioo cha 1366 kwa 768 na nyingine ina 1920 kwa 1080 nitasikitika kidogo kwa niaba yako, maana hiyo ya pili ina nukta karibu mara mbili na kwenye jedwali utaona safu nyingi zaidi bila kusogeza sogeza, lakini bado nitakwambia chukua i5.

Nimenunua SSD ya 512GB, kompyuta inasoma 476. Nimeibiwa?

Hapana hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa mizidisho ya 1024, kwa hiyo 512 ya kiwandani inaonekana 476, na diski ya 1TB inaonekana 931. Ikisoma 110 au inaandika mafaili halafu hayafunguki, hapo ndo uje tena kwa sauti ya juu.

Kaka mimi laptopu yangu ina kizazi cha 8, RAM 8GB lakini jamani inawaka kwa dakika nne, naweza kwenda kuchota maji nikarudi. Ina hadidiski ya 1TB. Kila mtu ananiambia nunua mpya, hii imezeeka. Nifanyeje?

Usinunue mpya! Samahani kwa kupaza sauti, lakini barua kama hii ninapata kila mara na inaniuma kuona mtu anatupa mashine nzima kwa ajili ya kipande kimoja.

Ile hadidiski ndani yake kuna sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi ni mizunguko 5400 kwa dakika, na kuna kimkono kidogo kinaenda na kurudi kutafuta kilipo kila kipande cha faili. Kila safari ya kile kimkono ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde au zaidi, unaona ni kitu kidogo, lakini Windows ikiwa inawaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika na kila kimoja kinasubiri foleni. SSD haina mkono wala sahani, inajibu papo hapo. Hata kwenye kusoma faili moja kubwa hadidiski inatoa kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA, aina ya zamani, inafika kama 550, na zile za NVMe, aina mpya zaidi, hata za kizazi cha kati zinafika 3500. Prosesa yako siku zote hizi ilikuwa imekaa tu inasubiri diski.

Nilibadilisha diski kwenye mashine ya dada yangu, ni skrubu kumi na moja za chini, kisha unaingiza kadi ya plastiki kwenye ukingo unafungua mfuniko taratibu taa taa taa mpaka unaachia, unachomoa kwanza waya wa betri, unatoa diski ya zamani na fremu yake, unaweka mpya kwenye fremu ile ile. Dakika 20 na nusu yake nilikuwa natafuta skrubu moja iliyodondoka. Ilipowaka dada alidhani imejizima, kumbe imeshafika kwenye desktopu. Mashine ile ile, prosesa ile ile.

Unaponunua angalia mashine yako inapokea nini. Nafasi ya inchi 2.5 inataka SSD ya SATA. Kama ina kinafasi kembamba cha M.2 basi uliza tena, maana kinafasi hicho kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe au vyote na kadi zinafanana kwa macho. Ukikuta mashine nyingine dukani imeandikwa eMMC, hiyo ni kumbukumbu ya aina ya simu za bei nafuu, ina spidi ya chini na imechomelewa, mimi huwa napita.

Na hadidiski yako ya zamani usiitupe, weka kwenye kasha la USB iwe ya kutunzia nakala za mafaili.

Habari kaka, nataka laptopu iliyotumika, muuzaji ananionyesha betri 100%. Nitajuaje kama betri ni nzima kweli?

Ile 100% inasema tu ndoo imejaa, haikwambii ndoo ina ukubwa gani. Mimi niliwahi kuingia mkenge huu, nilionyeshwa asilimia mia, nikalipa nikaondoka nikiwa na furaha, na siku ile ile nikiwa katikati ya kazi, hata saa moja haijaisha, kioo kikazima bila hata onyo. Kurudi, naambiwa betri haina dhamana. Tangu hapo sinunui bila kufanya hivi:

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakwambia faili imehifadhiwa wapi, lifungue kwenye brauza. Shuka kidogo utaona mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni kinachoingia leo. Kwa mfano wa kwanza ukisema 50,000 mWh na wa pili 21,000, betri imebaki na asilimia 42, na bado inaweza kukuonyesha 100% imejaa bila kuona haya. Mimi zaidi ya 80 naona ni nzuri, 60 mpaka 80 naomba nipunguziwe, chini ya hapo nahesabu kwamba nanunua betri mpya na naiingiza kwenye hesabu kabla ya kukubaliana bei. Muuzaji akikukataza kuandika ile amri, mshukuru ondoka.

Kaka shikamoo. Nafanya kazi ya uhasibu na pembeni nahariri video fupi za harusi. Nimependa MacBook Air M1 iliyotumika, RAM 8GB. Kwa hela hiyo hiyo napata laptopu mpya ya Windows RAM 16GB. Moyo uko kwenye Mac. Unasemaje?

Marahaba dada. Nikwambie ukweli M1 ni mashine niliyoiheshimu sana tangu ilipotoka Novemba 2020, haina feni kabisa, kimya, haichemki mapajani, na inakaa na chaji siku nzima ya kazi ya kawaida. Kwenye kukata video fupi inashinda laptopu nyingi mpya za daraja la chini, na kioo chake hizo za bei hiyo hazikifikii. Kwa hiyo moyo wako haujakosea.

Lakini barua yako ina neno uhasibu na hapo ndo nimesimama. Programu yako ya hesabu inaendeshwa kwenye nini? Kama ni ya kwenye brauza sawa, haina shida. Kama ni ile ya kusakinisha kwenye Windows tu, basi mjadala umeisha, maana M1 haina ile njia ya zamani ya Boot Camp ya kuweka Windows pembeni, utabaki kuendesha Windows ndani ya programu nyingine, na kwa RAM 8GB utalia. Ulizia ofisini kabla ya kitu kingine chochote.

Kama hilo limepita, fikiria RAM. Kwenye M1 RAM imekaa pamoja na prosesa, diski nayo imechomelewa, ukinunua 8 na 256 utakufa nayo. Apple wenyewe mwishoni mwa 2024 waliacha kuuza Air mpya za 8GB, wakaanzia 16, hiyo inakwambia upepo unaelekea wapi. Kwa video za dakika tatu nne 8 inatosha, ukianza kuweka tabaka nyingi utaona inagugumia. Na kama umezoea vioo viwili vya nje, Air M1 inakubali kimoja tu.

Ukiamua Mac, jambo moja nakuomba kama dada yangu. Muuzaji atoke kwenye akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako, aifute mashine, kisha uiwashe wewe mwenyewe uingie intaneti uisakinishe mpaka ufike kwenye desktopu. Ikikudai akaunti au nywila ya mtu mwingine, au ikiandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, usitoe hela hata kama anaapa kwamba atakutumia nywila kesho. Mashine iliyofungwa hivyo inabaki kuwa sinia la aluminiamu, na fundi mwaminifu hatakufungulia.

Na ukiamua Windows, hiyo 16GB ikufurahishe lakini usiache kukagua kioo. Watengenezaji wengi wanaweka RAM nyingi na prosesa mpya kisha wanabana kwenye kioo, rangi zimepauka, na wewe unahariri video za harusi. Utaona gauni lina rangi fulani, mteja akifungua kwenye simu anaona rangi nyingine. Tafuta kwenye maelezo neno sRGB, kipimo cha rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha, na asilimia iliyo karibu na 100. Ukikuta 45% NTSC, ambacho ni kipimo kingine cha rangi, hicho kioo ni cha kuandikia barua.

Bro laptopu mbili za gemu zote zina RTX 4060, moja ni nafuu sana na ni nyembamba. Si bora hiyo?

Jina moja, nguvu tofauti. Hiyo RTX 4060 ni kadi ya picha, na kwenye laptopu inaruhusiwa kupewa umeme kuanzia wati 35 mpaka 115 kutegemea mtengenezaji, na anayepewa wati chache hakimbii kama mwenzake. Laptopu nyembamba mara nyingi hubaniwa kwa sababu ya joto. Tafuta wati kwenye ukurasa wa mtengenezaji, neno ni TGP, na kama hawajaandika popote tafuta majaribio ya modeli hiyo hiyo.

Laptopu yangu inachaji kwa USB-C, nimetumia waya wa simu inasema inachaji polepole. Tundu limeharibika?

Tundu ni zima. USB-C ni umbo tu la kichwa, haisemi ndani kuna nini. Waya wa kawaida unaishia wati 60, wa zaidi ya hapo lazima uwe na kichipu ndani, na tangu 2021 kiwango kinaruhusu mpaka 240. Halafu angalia na chaja yenyewe, kama ni ya simu ya wati 18 hata waya mzuri vipi haitakusaidia. Soma wati za chaja iliyokuja na laptopu, nunua isiyopungua hapo.

Simu mbili, moja kamera 108MP na RAM "8+8", nyingine kamera 50MP, RAM 8. Ya kwanza si ndo kali?

Hiyo +8 sio RAM, ni kipande cha kumbukumbu ya kuhifadhia kimeazimwa, na kina spidi ndogo mno ukilinganisha na RAM ya kweli. Hesabu zote mbili ni 8. Na kamera ya 108MP kwa kawaida inaunganisha nukta tisa tisa kuwa moja inakutolea picha ya 12MP, ukubwa wa kihisi na lenzi ndo unaamua. Mimi ningeuliza swali ambalo halipo kwenye boksi: masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Google kuanzia Pixel 8 ya 2023 na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya 2024 waliahidi miaka 7, simu nyingine zinapata miwili tu. Ukinunua iliyotumika anza kuhesabu tangu ilipotoka, sio tangu siku uliyoishika.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Naandika kumbukumbu za maisha yangu, nimefika daftari la tatu na vidole vinauma. Wajukuu wanasema ninunue tableti kwa kuwa ni nyepesi, mwanangu mkubwa anasema laptopu. Macho yangu si ya zamani. Nisaidie bila maneno mengi ya kitaalamu.

Shikamoo mama, na hongera sana kwa daftari tatu. Nimeisoma barua yako mara mbili.

Wajukuu wana haki kwenye kusoma na kuongea nao kwa video, tableti inashikika vizuri ukiwa umekaa kitini na maandishi unayakuza kwa vidole viwili. Lakini wewe unaandika kitabu mama, na kuandika kitabu kwa kugusa kioo vidole vitauma zaidi ya kalamu. Ukichukua tableti utalazimika kununua na kibodi ya pembeni, na stendi, ukijumlisha umeshafika kwenye laptopu. Kwa hiyo kwenye hili nipo na mwanao mkubwa.

Chukua yenye kioo cha inchi 15 au zaidi kidogo, kisichong'aa kama kioo cha kujitazamia, maana hivyo vinarudisha mwanga wa dirisha na kuchosha macho. Prosesa kubwa huhitaji. RAM 8GB inatosha na SSD yoyote inatosha, maneno yote ya daftari zako tatu hayawezi kujaza hata kijikona chake. Vidole vikichoka kabisa kuna njia ya kuongea na kompyuta ikaandika, mjukuu akuonyeshe, ingawa kwa Kiswahili itakosea hapa na pale na itabidi upitie.

Na nenda mwenyewe mama, usitumie mtu. Omba kiti, kaa, fungua ukurasa mtupu, kuza herufi mpaka uzione bila kukunja uso, kisha andika aya nzima ya kitabu chako pale pale. Sikiliza kibodi inavyokujibu, angalia kama herufi zilizoandikwa juu ya vitufe unaziona, maana kuna laptopu za rangi ya fedha zenye herufi za kijivu ambazo hata sisi wenye macho mazima zinatusumbua. Muuzaji atakuharakisha, mwambie asubiri. Ikiwa ukimaliza aya hujakaza macho na vidole haviumi, hiyo hiyo, na mwambie mjukuu akuwekee njia ya kutunza nakala mahali pa pili siku hiyo hiyo kabla hujaanza kuhamisha daftari la kwanza.